Imelala

"Mama, akaunti hii imelala,"
akasema binti wa benki, Barabara ya Kenyatta,
kibandiko kifuani: Tabutany.
Alisema polepole, macho kwenye kompyuta,
kama anayechungulia kitanda cha mtoto.

Nikauliza, tangu lini?
Akataja mwezi, akataja mwaka.
Nikacheka. Foleni nzima ikageuka.

Maana mwezi ule ule, Jumatano,
mchungaji alisimama mlangoni pangu Kaptembwo,
akavua kofia, akasema Luvai amelala.
Mimi nilikuwa nimemshika kifundo cha mguu.
Nakujua kulala kwa Luvai, miaka thelathini na mmoja:
huguna, hupiga teke, huvuta shuka lote upande wake.
Yule hakuvuta shuka.

Lakini neno lilikuwa limeshahamia kwetu zamani.
Kililala kwanza kiwanda cha blanketi,
mashine arobaini zikalala bila kujifunika,
na wanaume wakashinda ukutani wakiota jua,
wake zao wakiwaambia, msilaze damu.
Damu gani? Nani aliilaza?
Usiku tukalala njaa,
na hilo nalo tukaliita kulala.

Nilipofuata kesi ya shamba letu la Subukia
karani aliniambia, faili imelala,
kwa sauti ya mtu aliyeilaza mwenyewe,
akaiimbia, akaifunga mlango.
Na shamba likalala pia, magugu hadi kiunoni.
Jirani aliyelikodi kwa msimu mmoja
alinilalia kwenye bei ya viazi.
Nilalie wewe, nikamwambia, godoro si mimi.

Mjukuu wangu Kageha walipelekwa na shule Menengai.
Mwalimu akawaonyesha shimo lote lile, akasema:
mlima huu haujafa, umelala tu.
Kageha akatazama moshi ukitoka kwenye nyufa,
akavua viatu.
Njia nzima ya kurudi alinong'ona,
hata nyumbani, hata akiomba chumvi.
Nikamuuliza una nini.
Bibi, akasema, aliyelala usimwamshe.
Sikuwa na moyo wa kummalizia methali.

"Mama? Mama, unanisikia?"
Tabutany alikuwa akinisukumia fomu chini ya kioo,
kurasa mbili, mahali pa sahihi pamewekwa alama.
"Akaunti ni ya majina mawili, na wewe upo.
Weka shilingi mia tano, lete cheti cha kifo,
kesho kutwa itaamka."

Itaamka.
Alilitamka kama mtu anayesema basi litafika.
Nikataka kumuuliza, binti yangu,
na kwa yule wa jina la pili ni shilingi ngapi,
ana fomu ya rangi gani, dirisha lipi?
Lakini alikuwa mtoto wa watu, amevaa tai ya kampuni,
na nyuma yangu mzee alikuwa akikohoa.
Nikasema asante.

Nyumbani nilikuta chai ya jana, imelala kwenye sufuria,
nikaipasha, nikainywa.
Nje kuku wangu mweusi yuko ndani ya karai bovu
siku ya kumi na nne sasa,
hatoki, hali vizuri, hapigi kelele,
ukimkaribia anavimba.
Hakuna mtu mtaani anayemwita mvivu.
Tunapita mbali. Tunasema, amelalia.

Kageha ameshalala, mdomo wazi,
blanketi la kiwanda hadi shingoni,
lebo imefifia, imebaki herufi moja na nusu.
Nimezima taa. Nimelala katikati ya kitanda,
mahali ambapo hapakuwa pa mtu.

Fomu iko chini ya mto.
Sijaijaza, sijaichana.
Nimeilalia.